Barua ya wazi: Leseni ya duka ipo, jina la askari halipo

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya ulinzi,
Waziri mwenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa,
Waziri mwenye dhamana ya wazee,
Wakuu wa wilaya wote.

YAH: KUANDIKISHWA KWA WAZEE WALIOPIGANA VITA VYA KAGERA WAKIWA MGAMBO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kama mtunza mahesabu. Kazi yangu, katika mji mdogo wa barabarani mkoani Singida, ni kuwasaidia wenye maduka, wenye mashine za kusaga na wakamuaji wa alizeti kuweka makaratasi yao sawa wasije wakagombana na serikali. Nazijua faili za watu kuliko ninavyozijua hotuba, na barua hii imetokana na faili moja.

Mwenye faili ni mzee wa miaka 82, mwenye duka la rejareja jirani na mnada wa ng'ombe. Jina lake sitaliandika. Nilipomwomba ruhusa alisema kama ni kutajwa, atajwe pamoja na wenzake, si peke yake, na kwa kweli hilo ndilo ombi lote la barua hii. Watoto wa shule wanamwita Mangi, kama mwenye duka Mchaga, ingawa ni Mnyaturu wa kuzaliwa na Kilimanjaro hajawahi kufika. Watu wazima wanamwita Afande, nusu kwa heshima, nusu kwa utani.

Faili lake ni nene. Ndani yake kuna namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya kila mwaka, makadirio ya kodi ambayo huyalipa kwa robo nne bila kuchelewa, risiti za ushuru wa taka na karatasi za ukaguzi wa mizani. Mizani ile ni ya zamani, ya sahani mbili, na mawe yake yamepigwa mihuri mpaka hakuna pa kupiga tena. Serikali ya Jamhuri ya Muungano inajua uzito wa jiwe la robo kilo la mzee huyu. Inajua ukubwa wa chumba cha duka lake na siku leseni yake inapokwisha. Katika karatasi zote hizo hakuna hata moja inayosema kwamba Machi 1979 alikuwa vitani Lukaya, Uganda.

Nawakumbusha kidogo, maana wengi wenu mlikuwa watoto wakati ule au hamjazaliwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia na kuswaga ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Maneno hayo kila mtu anayakumbuka. Lisilosemwa sana ni kwamba uwezo wenyewe ilibidi uongezwe haraka. Jeshi lilikuwa na askari wasiozidi 40,000. Ndani ya muda mfupi likavuka 100,000, na nyongeza hiyo ilikuwa watu wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, magereza, na maelfu kwa maelfu ya mgambo waliochukuliwa vijijini.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, lile la ushirika lililobaki baada ya Operesheni Maduka ya 1976 kufunga maduka ya watu binafsi. Mgambo alikuwa amefundishwa jioni jioni, kama vijana wengi baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, kwa kukimbia, kulala kifudifudi na kubeba bunduki ya mti. Siku ya kuondoka alikabidhi funguo za duka kwa mwenyekiti wa kijiji, wakahesabu pamoja vipande vya sabuni vilivyobaki, wakatia sahihi. Hata leo anaweza kukutajia vilikuwa vingapi. Watunza hesabu wa namna hiyo siku hizi siwaoni, na nasema hivyo nikiwa katika kazi yenyewe.

Mengine anayoyasimulia yanafanana na yaliyo vitabuni: kuvuka Kyaka kwa daraja la muda, Mutukula mwezi Januari, Masaka iliyosagwa kwa mizinga mwishoni mwa Februari, na kutembea. Kutembea ndiko anakokuzungumzia zaidi kuliko risasi. Jeshi lile lilikwenda Kampala kwa miguu. Anasema ungeweza kumjua askari wa Brigedi fulani kwa jinsi alivyochechemea.

Lakini Lukaya ni habari nyingine. Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi na askari wa kudumu wachache, ndiyo iliyokuwa mbele jioni ya tarehe 10 Machi, barabarani, na kinamasi kikiwa kando. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa na makombora ya kurusha kwa mkupuo. Yakaanza kushuka. Sikio la kushoto la mzee wetu lilifia hapo, na ndiyo maana mteja mwenye akili husimama upande wa kulia wa kaunta. Vitabu vinaeleza kwamba brigedi ilisambaratika, kisha usiku ule Divisheni ya 20 ikaituma Brigedi ya 208 izunguke ipige kwa nyuma, na alfajiri mambo yakageuka. Mzee anaeleza hivi: "Tulikimbia. Andika hivyo hivyo. Tulikimbia, kisha tukatafutana gizani kwa kuitana majina ya vijiji, kwa sababu majina ya watu tulikuwa hatujayajua bado. Tukarudi."

Sijawahi kusikia sentensi hiyo kwenye sherehe yoyote. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunasikia juu ya ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Lakini mtu aliyetoka kuuza chumvi mwezi Novemba, akapigwa makombora mwezi Machi, akakimbia na kisha akarudi mwenyewe pasipo kushikiwa bunduki mgongoni, habari yake ni kubwa kuliko ya mtu anayesemwa kwamba hakuwahi kuogopa. Nani anaihifadhi habari hiyo? Kwa sasa inahifadhiwa kwenye duka la rejareja, jirani na mnada.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Majenerali tunawajua na tunawaenzi, na inafaa iwe hivyo. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20, alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, taifa zima lilijua, na alizikwa Butiama kwa heshima zote za kijeshi. Mgambo waliokuwa chini yake walirudi vijijini kimya kimya. Hawakuwa waajiriwa wa jeshi, na mzee wetu hajawahi kudai kwamba alikuwa. Alirudi, akapokea funguo, akafungua duka la kijiji na kukuta rafu tupu.

Hapo ndipo maisha yake ya pili yanapoanza, na nayo naomba myasome kama sehemu ya vita. Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, bei ya mafuta duniani ikapaa mwaka uleule wa vita, na miezi 18 ikageuka kuwa miaka. Aliyekuwa amekwenda kuilinda mipaka sasa alisimama nyuma ya kaunta akiwaeleza mama zake na shangazi zake kwamba sukari haijaja, sabuni haijaja, khanga labda mwezi ujao. Anasema kazi ile ilimchosha kuliko kutembea hadi Kampala, kwa kuwa adui alikuwa haonekani na wateja walimwona yeye.

Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, yaani msako wa serikali dhidi ya waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Watu walitupa bidhaa vichakani na mitoni usiku ili zisikutwe ndani. Wakati huo alikuwa anauza vitunguu na mafuta ya alizeti nyumbani kwa siri ndogo ya kijijini, siri ambayo hata mtendaji alinunua kwayo. Hakukamatwa. Lakini kwa miezi kadhaa mtu aliyevuka Mto Kagera na silaha ya taifa alilala na madumu mawili ya mafuta chini ya kitanda kama mwizi. Alipoingia Mzee Mwinyi na biashara ikaachiwa, naye akafungua duka lake mwenyewe mwaka 1986, pale pale lilipo leo. Duka la kijiji lilikuwa limekufa kifo cha kawaida.

Tangu hapo amekuwa kile ambacho mwenye duka wa mji mdogo huwa, yaani benki ya walimu ambao mshahara umechelewa, stoo ya misiba, mahali pa kuacha ufunguo, pa kuulizia basi, pa kusomewa barua ya mahakama. Kile kibao cha kukopa harusi kulipa matanga hajawahi kukitundika. Nimepitia madaftari yake, na nasema kama mtaalamu kwamba kibiashara ni vituko. Kuna madeni ya sukari ya mwaka 1998 ambayo mdaiwa alishazikwa, na mwenye duka alichangia sanda.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nikae niandike.

Sera zetu zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bila malipo, na kwenye vituo vya tiba kuna mabango ya kuwapisha wazee wahudumiwe kwanza. Mzee wetu alianza kusumbuliwa na kifua na mguu. Alikwenda kituo kimoja cha tiba, ambacho nacho sitakitaja kwa kuwa tatizo si lake peke yake, akaomba kuandikwa apate kadi ya wazee. Akaulizwa anafanya kazi gani. Hawezi kusema uongo, akasema ana duka. Akaambiwa basi wewe unajiweza, Babu, kadi hizi ni za wasiojiweza. Aliyemjibu hakuwa na ubaya wowote, alimwamkia vizuri na kumpa kiti. Alifuata kigezo. Nikamwambia mzee aeleze kwamba alipigana vita. Akarudi, akaeleza. Akaombwa cheti. Cheti alikuwa nacho cha namna fulani, karatasi iliyopigwa chapa, mchwa wakaila kwenye sanduku la mkewe marehemu, pengine miaka thelathini iliyopita. Hana kingine isipokuwa bakuli la bati la jeshi ambalo sasa hutilia chenji. Chini yake amekwangua kwa msumari herufi mbili za jina lake.

Angalieni hesabu hiyo, waheshimiwa, maana ni hesabu kweli. Duka limeandikwa, vita havikuandikwa. Kwa hiyo duka ndilo lililosimama kutoa ushahidi, na lilipotoa ushahidi lilitoa dhidi yake. Na duka lenyewe, kwa mapato ninayoyajua mimi, linamtosha unga, umeme na kodi yenu. Vipimo vya kifua vinazidi faida ya miezi miwili.

Wenzetu wa Zanzibar wameliona hili. Tangu 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 anapata pensheni jamii, awali shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000, na hakuna anayemuuliza kama ana kibanda cha kuuza chumvi. Sisemi Bara tuige kesho asubuhi. Najua tofauti ya idadi ya watu, na bajeti nazisoma. Nasema kigezo cha kujiweza kinapomkuta mtu aliyetumwa na nchi vitani, kigezo kisogee pembeni. Na ili kisogee, lazima pawepo mahali palipoandikwa kwamba alitumwa.

Mahali hapo kwa tarafa yetu papo. Pako nyuma ya daftari la mkopo.

Nililiona nikiwa natafuta jumla ya madeni ya mwaka. Kauntabuku, kurasa za mbele zimejaa majina ya wadaiwa na robo zao za sukari. Ukurasa wa mwisho una majina 23, mwandiko uleule, wino uleule wa bluu. Mbele ya kila jina kuna kijiji. Mbele ya majina kumi na tisa kuna msalaba mdogo au mwezi mdogo, kulingana na dini ya mtu. Hao ni mgambo waliotoka tarafa hii wakapanda lori moja. Daftari linapojaa ananunua jipya, na kabla hajaandika deni la mtu yeyote anaanza kwa kunakili ukurasa ule wa mwisho. Amefanya hivyo tangu afungue duka. Wawili kati ya wale kumi na tisa hawakurudi, na katika orodha hao ndio pekee wenye tarehe. Waliobaki hai ni wanne, yeye wa nne.

Sijui kama kuna orodha ya namna hiyo kwenye wilaya nyingine, nyuma ya madaftari mengine, kwenye Biblia na misahafu, vichwani mwa wajane. Nadhani zipo. Ombi langu ni kwamba mzikusanye.

Na njia ya kuzikusanya haihitaji tume wala safari ya nje. Kila kata ina mtendaji, kila kijiji na mtaa una mwenyekiti anayemjua mzee wake kwa jina la utani. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipomaliza kazi viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi kinarekodi sauti na picha. Mwalimu wa historia na wanafunzi wake wa kidato cha tatu, wakipewa maswali kumi na mchana mmoja, wanaweza kumrekodi mzee mmoja akiwa amekaa dukani kwake au chini ya mwembe wake. Faili ziende Nyaraka za Taifa, nakala ibaki wilayani. Majina yaingie kwenye daftari la wilaya, lile lenye mhuri. Mwenye jina humo apewe kadi ya matibabu kwa sababu ya jina hilo, bila kuulizwa anauza nini.

Kuna atakayesema watajitokeza wa uongo. Watajitokeza, hilo halina ubishi, na kama kazi yangu imenifundisha kitu ni kwamba palipo na fomu pana mjanja. Lakini watu hawa hawakwenda mmoja mmoja. Mkae na wanne walio hai, kila mmoja chumba chake, muwaulize nani alikuwa dereva wa lile lori, walilala wapi usiku wa kwanza, nani aliharisha Masaka. Muongo hawezi kulijua jina la aliyeharisha. Jeshi nalo lina kumbukumbu zake za brigedi, linganisheni. Ushahidi wa wenzake wawili wanaokubalika ungekuwa na thamani kuliko cheti, kwa sababu cheti hukighushi hata kijana wa stesheni mwenye printa.

Wengine watauliza mbona leo, baada ya miaka yote hii. Jibu liko kwenye hesabu ya kutoa tu: kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1978 sasa amevuka 65, na huyo ndiye mdogo wao. Waliokuwa na umri wa mzee wetu wako juu ya themanini. Kila masika na kila kipupwe vinapunguza orodha.

Tena nchi hii ina mfano wake mchungu wa vita bila majina. Katikati ya Dar es Salaam imesimama Sanamu ya Askari tangu 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari yule wa shaba ni wa wote, maana yake si wa mtu yeyote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika vita ile hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Walisema sababu moja ilikuwa dharau ya wakoloni kwa watu wetu. Tuliisoma taarifa ile tukakasirika, na tulikuwa na haki. Lakini vita vya 1978 tulivipigana wenyewe, tukiwa na serikali yetu na kalamu zetu. Waliolala Kaboya, kule Muleba, wanapelekewa mashada ya maua kila mwaka na hilo ni jambo jema. Nazungumzia waliorudi wakiwa hai na kuingia nyuma ya kaunta, shambani na kwenye zizi.

Kuhusu fedha sijaandika chochote. Si kwamba hazihitajiki. Nimekwepa kwa makusudi, kwa sababu habari ya malipo ya wapiganaji wa Kagera imezungukwa na uvumi mwingi kuliko ukweli, matapeli wamewatoza wazee wengi nauli na "ada ya fomu" kwa ahadi hewa, na barua ikianza na fedha haitasomwa mpaka mwisho. Orodha kwanza. Ikishakuwepo orodha, Bunge linaweza kujadili kitu kinachohesabika. Na nawaomba, orodha itakapotangazwa, itangazwe kwenye redio na mbao za matangazo za kata kwamba kujiandikisha ni bure, kwa herufi kubwa, kabla ya wajanja hawajafika kwa pikipiki.

Ombi la mwisho ni dogo na halina gharama. Tarehe 25 Julai, wakati Rais anapoweka mkuki na ngao, pawepo pia wilayani dakika chache za kusoma majina. Ya wilaya ile tu. Asome mtu mwenye sauti, polepole, na vijiji vyao. Sisi tuna 23 tayari.

Nakala ya ukurasa ule, kwa ridhaa ya mwenye daftari, nimeikabidhi kwa mtendaji wa kata, ameisaini kuipokea. Mmoja kati ya wale wanne amelazwa kwa ndugu zake Manyoni na hali yake si nzuri. Afisa atakayepangiwa kazi hii aanze na huyo. Mzee mwenye duka anapatikana kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, isipokuwa siku ya mnada, ambapo hana muda wa kuzungumza na mtu asiyenunua.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza mahesabu,
Singida

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri – kwa taarifa na utekelezaji
Mtendaji wa Kata – aunganishe na orodha aliyoipokea
Wakuu wa shule za sekondari za tarafa – kwa habari ya vishikwambi
Mwenye daftari – abandike dukani akipenda